Hujafa Hujaumbika: Haki ya Mzee Kujifunza na Kufundisha Hadi Pumzi ya Mwisho

Marehemu babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Unguja na kuzikwa Maskati, lakini maneno yake ya mwisho aliyasemea India. Tulimpeleka huko kwa matibabu, kama zifanyavyo familia nyingi za Oman, akiwa na umri wa miaka 84 na saratani ya kongosho, ambayo sisi tuliijua kwa jina na yeye aliijua kwa maumivu tu.

Ujanani alikuwa karani katika duka la mfanyabiashara wa Kikachi mjini Unguja, na Kikachi alikisema hadi uzeeni kwa fahari. Alipolazwa alidhani kitamfaa. Hakikumfaa, kwa kuwa muuguzi aliyemhudumia alikuwa mtu wa Kerala, na lugha yake, Kimalayalam, haina udugu na Kikachi. Babu hakukata tamaa. Aliagiza daftari, akawa kila asubuhi anamwuliza binti yule jina la kitu kimoja au viwili, kisha anayaandika majina hayo kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Neno la kwanza lilikuwa vellam, yaani maji.

Siku ya tano daktari alituita faragha, baba yangu, ami yangu na mimi. Alisema maradhi yameenea, dawa haipo, na wakati uliobaki ni mfupi. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: je, mgonjwa aambiwe? La pili: pumzi zikianza kumshinda, atiwe mashine ya kupumulia au aachwe?

"Mzee asiambiwe," alisema ami. "Akijua, moyo utavunjika kabla ya mwili." Sote tuliafiki. Katika swali la pili hatukuafikiana. Mmoja alisema kuacha mashine ni kuua, na mwingine akasema kuitia ni kumtesa. Tulibishana nusu saa nzima juu ya pumzi za mtu aliyekuwa chumba cha pili, mwenye akili timamu, akijifunza jina la mvua.

Babu alikuwa na mdogo wake Dar es Salaam. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka 19 kwa sababu ya shamba la urithi. Kila jioni pale hospitalini alikuwa akisema, "Nikipona nitampigia mdogo wangu." Nasi tuliojua kwamba hatapona tulimjibu, "Inshallah." Siku ya tisa alitiwa mashine. Aliishi nayo siku 11 bila ya kusema neno. Yule mdogo wake alipata khabari ya msiba kwa simu, na simu hiyo niliipiga mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma wanayosema watu wa nchi ile, ambamo babu alisema maneno yake ya mwisho, kuhusu mauti ya hiari na kuhusu elimu ya uzeeni. Nilianza nikidhani ni mambo mawili. Sasa naona ni jambo moja. Rai yangu ni kwamba swali la kifo cha huruma, ambalo tunalijadili kana kwamba linahusu sindano na mashine, kwanza linahusu kazi ya siku zilizobaki. Asiyejua siku za mwisho ni za kazi gani hataweza kuamua kwa haki kama zifupishwe, zirefushwe au ziachwe zilivyo.

Mzee juu ya kitanda cha mishale

Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindu, yumo mzee aitwaye Bhishma. Baba yake alimpa baraka ya ajabu, kwamba mauti hayatamfikia ila kwa hiari yake mwenyewe. Siku ya kumi ya vita vya Kurukshetra mishale ya Arjuna, aliyekuwa kama mjukuu wake, ilimjaa mwili mzima, hata alipoanguka hakugusa ardhi. Alilala juu ya mishale yenyewe. Alipoomba mto wa kulaza kichwa, Arjuna alimchomekea mishale mitatu mingine.

Kwa vipimo vya wanaotetea kifo cha huruma, hakuna aliyestahili kuondoka kumshinda yeye. Alikuwa mzee, asiye na tiba, mwenye maumivu yasiyosemeka, na ruhusa ya kufa ilikuwa mkononi mwake. Hakuitumia. Aliamua kungoja jua lielekee kaskazini, wakati ambao Wahindu huuona ni wa heri kwa kufa, na simulizi inahesabu masiku 58 ya kungoja huko. Vita vikaisha. Mshindi, Yudhishthira, alikuwa amelemewa na majuto ya kuwaua jamaa zake, hata ufalme hautaki tena. Krishna alimhimiza aende kwa mzee akamwulize yote anayotaka kuuliza, maana siku mzee atakapofumba macho elimu yake itaondoka naye.

Katika kisa hiki naomba msomaji atazame mpangilio wake. Bhishma kwanza alishindwa kufundisha. Alisema maumivu yameivuruga akili yake na ulimi haumtii. Krishna hakumwambia avumilie, wala hakumwambia basi kufa. Alimwondolea maumivu, kiu na mchafuko wa akili, na baada ya hapo ndipo somo likaanza. Lilikuwa somo la haki za raia, wajibu wa mtawala, sadaka, msamaha na ukombozi wa roho. Kitabu cha 12 cha utenzi huo, kilichobeba sehemu kubwa ya mafundisho hayo, ni kirefu kuliko vingine vyote kati ya vitabu vyake 18. Mzee alipomaliza aliaga watu, akaitumia ruhusa yake, akafa.

Kwa hiyo kisa hiki hakilaani kufa kwa hiari, wala hakikisifu peke yake. Kinaweka mambo matatu kwa zamu: maumivu yaondolewe, somo litolewe, kisha mauti yapokewe. Wanaogombana juu ya kifo cha huruma hukimbilia la tatu, na ama wanalidai ama wanalikataza, huku mawili ya mwanzo yakiwa yameachwa.

Milango ya kutokea

Nisije nikadhaniwa nasema mapokeo ya India yana kauli moja. Hayana. Wahindu waliigawa umri wa mwanadamu katika daraja nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, mkaaji wa mwituni na aliyeitupa dunia. Kwa jina, uanafunzi ni daraja ya kwanza tu. Lakini katika Taittiriya Upanishad mwalimu anapomwaga mwanafunzi aliyehitimu, wasia wake ni kwamba asiache kusoma wala kufundisha. Kusoma maandiko kila siku, kunakoitwa svadhyaya, ni ibada isiyo na siku ya kustaafu.

Katika mapokeo hayo hayo mna milango ya kutokea. Sheria za Manu, katika sura ya sita, zinamruhusu mkaaji wa mwituni kushika njia ya kaskazini-mashariki, akiishi kwa maji na hewa mpaka mwili uanguke. Wajaini wana saumu ya mwisho iitwayo sallekhana au santhara, ambayo mtu hupunguza chakula na kinywaji kidogo kidogo hata roho inapotoka. Haifungwi na kila atakaye. Huwekewa masharti ya uzee, maradhi yasiyopona au msiba usio na njia, pamoja na idhini ya mwongozaji wa dini. La kunishangaza zaidi ni kwamba miongoni mwa makosa yanayoiharibu saumu hiyo ni kutamani mauti yafike upesi. Kutamani kuendelea kuishi nako ni kosa. Mfungaji hutakiwa asiyakimbilie mauti wala asiyakimbie.

Tarehe 10 Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Rajasthan iliamua kwamba saumu hiyo ni kujiua, na anayeisaidia ni mshiriki wa kosa. Wajaini waliandamana kimya kimya katika miji mingi. Siku 21 baadaye, tarehe 31 Agosti, Mahakama ya Juu ya India ikausimamisha uamuzi huo. Mimi ni Mwislamu, na siwezi kuikubali saumu inayokusudiwa kuishia mauti. Hata hivyo insafu yanitaka niseme kwamba mtu anayeifunga huwa ameketi na watu wake, anaomba msamaha na kuutoa, na hakuna mmoja katika nyumba ile anayejifanya hajui kinachotokea. Katika jambo hilo wametushinda.

Wa karibu zaidi na zama zetu ni Vinoba Bhave, mwanafunzi wa Gandhi, aliyezunguka India kwa miguu kuanzia mwaka 1951 akiwaomba matajiri wawagawie maskini ardhi. Maisha yake yote alikuwa mwanafunzi wa lugha. Alijifunza Kiarabu ili aisome Kurani mwenyewe, akachapisha mkusanyo wa aya alizozichagua. Novemba 1982 akiwa na umri wa miaka 87 alipatwa na maradhi ya moyo, akakataa chakula na dawa, akafariki tarehe 15 mwezi huo katika makazi yake ya Paunar. Wapo waliosema amejiua, na wapo waliosema amekamilika. Mimi sina hukumu juu yake. Ninaloliona ni mtu aliyesoma hadi mwisho, aliyejua kwamba mwisho umefika, na aliyeachiwa na watu wake alisemee jambo hilo mwenyewe.

Ndama wa Gandhi na mgonjwa wa Mumbai

Wapo watakaosema kwamba hizi ni habari za mashujaa na watawa, na kwamba mtu wa kawaida mwenye maumivu hahitaji utenzi. Hoja hiyo ni nzito, na Gandhi mwenyewe aliwahi kuisimamia. Mwaka 1928 katika makazi yake ya Sabarmati kulikuwa na ndama aliyeugua vibaya, asiyeweza hata kugeuzwa ubavu bila ya mateso. Baada ya mashauriano Gandhi aliagiza daktari amchome sindano ya kumpumzisha. India ilichemka, kwa kuwa mtume wa kutodhuru kiumbe amemuua ndama, na ndama wa ng'ombe hasa! Akajibu kwa maandishi kwamba kutodhuru si kutogusa, na kwamba kumwacha kiumbe akiteseka ili mikono yako ibaki safi kunaweza kuwa ndiko kudhuru kwenyewe.

Hoja hiyo siipuuzi. Lakini ndama hana wasia wa kuacha, hana ndugu wa kupatana naye, wala hana mjukuu wa kumfundisha jambo. Mwanadamu anavyo vyote hivyo, na kwa ajili hiyo huruma kwake haiwezi kuwa ile ile anayofanyiwa ndama.

Je, asiyeweza tena kusema wala kufahamu? Swali hili India ililijibu kwa uchungu mkubwa. Aruna Shanbaug alikuwa muuguzi katika hospitali ya KEM mjini Mumbai. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1973 alishambuliwa humo humo hospitalini na mtumishi mmoja, akakabwa kwa mnyororo wa mbwa hadi ubongo ukakosa hewa. Hakurudi tena katika hali ya kujitambua. Aliishi hivyo miaka 42. Mwandishi Pinki Virani alipeleka ombi mahakamani kwamba Aruna asiendelee kulishwa ili apumzike. Tarehe 7 Machi 2011 Mahakama ya Juu ililikataa ombi hilo, lakini katika hukumu hiyo hiyo ikafungua mlango. Kumchoma mgonjwa sindano ya kumuua ni haramu ya sheria, ama kumwondolea kinachozuia mauti kunaweza kuruhusiwa chini ya uangalizi wa mahakama. Aruna alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 18 Mei 2015.

Waliosimama kupinga ombi lile walikuwa wauguzi wa KEM wenyewe, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona Aruna akiwa mzima. Kizazi baada ya kizazi walimlisha, walimwosha na walimgeuza. Nimelifikiria jambo hili sana, na sina utulivu nalo. Ni haki kuuliza kama mwanamke yule alikuwa akiishi kwa ajili yake au kwa ajili ya wema wa wanaomtunza. Nakiri kwamba kama ningekuwa Aruna, nisingependa kufanywa darasa la watu kwa miaka 42 bila ya kuulizwa. Tabu yote imekaa katika neno hilo, kuulizwa. Aruna alikuwa na umri wa miaka 25, na hakuna aliyemwuliza kabla angependa nini, kwa kuwa hakuna amwulizaye kijana swali kama hilo.

Sheria ya India imejifunza somo hilo polepole. Tarehe 9 Machi 2018 majaji watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba kufa kwa heshima ni sehemu ya haki ya kuishi, na kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuandika mapema wasia wa matibabu, kueleza atakayoyakubali na atakayoyakataa siku atakapokuwa hawezi kusema. Masharti ya mwanzo yalikuwa mazito mno, kwani wasia ulihitaji kutiwa saini mbele ya hakimu. Januari 2023 mahakama iliyalegeza, na sasa mthibitishaji wa hati anatosha. Sindano ya kuua imebaki marufuku.

Swali la mwisho la Al-Biruni

Sisi Waislamu twasimama wapi? Juu ya sindano hakuna shaka. Uhai ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kuiharibu, hata kwa jina la huruma. Juu ya mashine wanavyuoni wamesema kwa upole zaidi kuliko tunavyodhani majumbani. Wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi waliokutana Amman mwaka 1986 waliafiki kwamba mashine inaweza kuondolewa kwa mtu ambaye madaktari mabingwa wamethibitisha kuwa ubongo wake wote umekoma kufanya kazi bila ya matumaini ya kurejea. Na kabla ya kufikia hapo, wengi katika wanavyuoni wa kale hawakuihesabu dawa isiyo na tumaini la kufaa kuwa wajibu wa lazima. Kwa hiyo ubishi wetu pale hospitalini, kwamba kuacha mashine ni kuua moja kwa moja, ulitokana na hofu kuliko ulivyotokana na fiqhi.

Juu ya elimu, twapenda kutaja ile kauli ya kutafuta elimu tangu susu hadi kaburi. Wataalamu wa hadithi hawaikubali kuwa ni kauli ya Mtume, lakini maana yake imetendwa na watu wa dini hii. Mmoja wao ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akaandika kitabu kikubwa juu ya elimu, dini na desturi za Wahindu, na humo hakuacha kueleza desturi zao juu ya wanaoyaaga maisha kwa hiari. Alieleza kwa uadilifu, bila ya dhihaka.

Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, amepokea kisa cha siku ya kufa kwake. Mwanachuoni mmoja wa sheria aliingia kumtazama, akamkuta yu katika sakarati, kifua kinakoroma. Al-Biruni akamwuliza swali la mirathi kuhusu mafungu ya mabibi, jambo ambalo waliwahi kulizungumza. Mgeni akamhurumia: katika hali hii? Mgonjwa akajibu kwamba kuiaga dunia akiwa analijua suala lile ni bora kuliko kuiaga akiwa halijui. Mgeni alimfafanulia, naye akalikariri hadi likakaa. Mgeni alipotoka, akiwa bado njiani, alisikia vilio vya msiba.

Mara zote nilipokisoma kisa hiki nilimstaajabia mgonjwa. Siku hizi namstaajabia mgeni. Angeweza kusema, "Pumzika kwanza, ukipona tutazungumza." Angeweza kusema, "Inshallah." Alimheshimu mtu aliye ukingoni mwa kaburi kwa kumjibu swali lake.

Wanachofanya Kerala

Nchi alikotoka muuguzi wa babu yangu imenipa mfano wa jinsi mambo haya yanavyoweza kukutana nje ya vitabu. Mwaka 1993 madaktari wachache wa Calicut walianzisha chama cha kutuliza maumivu na kuwatunza wasiopona. Kikazaa mtandao wa watu wa mitaani, majirani waliofunzwa, ambao hukwenda nyumba kwa nyumba kuosha vidonda, kupeleka dawa na kukaa na mgonjwa. Mmoja wa waasisi, Daktari M. R. Rajagopal, alianzisha mwaka 2003 taasisi ya Pallium India, akashiriki katika juhudi ndefu za kurekebisha sheria ya madawa ya kulevya ya mwaka 1985, ambayo iliibana mofini kiasi kwamba wagonjwa wa saratani walikufa wakipiga kelele. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2014. Kerala yenyewe ilitangulia majimbo yote ya India kutunga sera ya matunzo ya namna hiyo, mwaka 2008.

Wanachofanya watu hawa ni kile alichofanyiwa Bhishma: kwanza maumivu yaondoke, ili mtu arudi kuwa mtu. Wengi wanaoomba kufa huomba maumivu yafe. Mofini iliyopimwa vyema si sindano ya kuua, na anayewachanganyia watu mambo hayo mawili huwanyima wagonjwa faraja waliyohalalishiwa.

Na katika jimbo hilo hilo, mwaka 2018, mwanamke aitwaye Karthyayani Amma, aliyefanya kazi za kufagia maisha yake yote na hakupata kusoma, alifanya mtihani wa kujua kusoma na kuandika akiwa na umri wa miaka 96. Alipata alama 98 kati ya 100. Aliendelea kutamani madarasa ya juu, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 101. Mwenye kusema mtu wa miaka 84 hana tena la kujifunza, wala hawezi kuubeba ukweli wa maradhi yake, na amtazame mama huyo.

Tunalowadai nafsi zetu

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba kumwambia mzee anakufa ni ukatili, na kwamba wapo waliovunjika wakajigeuza ukutani. Ni kweli wapo. Sisemi mgonjwa abwagiwe ukweli kama mzigo. Nasema aulizwe: "Baba, ungependa kujua kiasi gani?" Asiyetaka kujua ana haki ya kutojua, lakini haki hiyo ni yake, si yetu kumwamulia nyuma ya mlango. Nitaambiwa pia kwamba si kila anayekufa ana hekima ya kugawa. Nakubali. Babu yangu hakuwa na falsafa ya ufalme ya kutuachia. Alikuwa na simu moja ya kupiga.

Kwa hiyo nawaomba jamaa zangu, wa Maskati, wa Unguja na wa London, tufanye mambo matatu wakati bado tuko na afya. Tuwaulize wazee wetu, na sisi wenyewe tuulizane, nini tungetaka pumzi zitakaposhindwa, na majibu tuyaandike pamoja na wasia wa mali, ambao twaujua kuwa ni sunna na hatuuandiki. Pili, mgonjwa akizidiwa tudai kwanza maumivu yaondolewe, kabla ya kubishana juu ya mashine. Tatu, tukae naye kama watu wanaokaa na mwalimu, tumwulize alichosahau kutuambia, na akituuliza tumjibu.

Wahenga wetu walisema hujafa hujaumbika. Methali hiyo twaitumia kumwonya anayemcheka kilema, kwamba hajui yatakayompata kesho. Lakini naona ina upande wa pili. Kama mtu haumbiki hadi afe, basi siku ya mwisho nayo ni siku ya kuumbwa, na anayemficha mzee siku hiyo amemkatiza akiwa hajakamilika.

Ami yangu, ambaye sikukusudia kumlaumu peke yake maana sote tulikuwa mle chumbani, mwaka huu ametimiza miaka 76. Mwezi uliopita nilimwuliza swali lile nililopaswa kumwuliza babu. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mimi niambieni." Akaomba kalamu na karatasi, akaandika jina la mtu mmoja aliye Tanga ambaye hajasema naye siku nyingi, na nambari yake ya simu. Alimpigia jioni ile ile, hali yeye ni mzima wa afya, alhamdulillahi.